Tupeane uzoefu: nadharia gani ya siri za King's Landing uliishikilia mpaka watu wakakucheka?

Habari za Jumapili wakuu. Jana hapa kijiweni Pasua tumebishana kuhusu tamthilia ya Game of Thrones na mji wake mkuu, King's Landing, mpaka chai imepoa, nikaona nilete huku. Kama hujamaliza sizoni zote 8, pita kushoto.

Naanza mimi. Sizoni ya 3, Jaime, aliyekuwa mlinzi wa mfalme, yuko bafuni na Brienne, anamsimulia kwamba Mfalme Kichaa Aerys alificha mitungi ya moto wa kijani chini ya mji mzima ili auteketeze, ndiyo maana yeye Jaime akamchoma upanga wa mgongo. Nikajiuliza: ile mitungi ilizolewa na nani? Mbona hatuonyeshwi? Nikawa nawaambia washkaji iko palepale. Walinicheka hadi 2016, Malkia Cersei alipolipua Sept ya Baelor, lile hekalu kubwa la mji, kwa moto huohuo. Nilipiga kelele, mama mwenye nyumba akatoka na mwiko akidhani nimeingiliwa na vibaka.

*Saruji Mbichi (Ngarenaro):*
Hiyo ya mitungi wengi waliidaka, arifu. Mimi ni ya Red Keep, ile ngome ya wafalme. Mfalme wa zamani Maegor ujenzi ulipoisha aliwafanyia mafundi karamu ya siku 3, kisha akawachinja wote ili njia za siri azijue yeye peke yake. Sasa mimi mwenyewe ni fundi uashi, hiyo siikubali. Sawa, umeua mafundi. Saidia fundi je, uliwahesabu? Aliyekuwa anasogeza mawe akafukuzwa katikati ya kazi bila kulipwa? Nadharia yangu ni kwamba kuna mmoja alibaki, akasimulia, na wale watoto wapelelezi wa Varys, bosi wa majasusi, wanapita njia zilezile kwa sababu siri haikufa. Ushahidi sina.

Ila nimeyaona. Kuna bosi mmoja tulimjengea Njiro, akataka chumba nyuma ya kabati la nguo. Akatuapisha, akatuongezea na hela ya soda. Kufika saa saba mchana mama ntilie ananiuliza, "Eti huo mlango ni wa futi ngapi?"

*Mjukuu wa Mwika:*
Sisi Wachagga mambo ya mahandaki msitufundishe. Wazee walichimba wakajificha humo na ng'ombe wao vita vilipokuja, ya Wamasai na ya Mangi kwa Mangi, yaani machifu wetu wenyewe kwa wenyewe. Lililo jirani na kihamba chetu nimeingia nikiwa darasa la nne, unatambaa kwa tumbo, udongo unakudondokea shingoni, na mbele husikii kitu ila pumzi ya binamu yako. Kwa hiyo 2019 Cersei na Jaime waliposhuka kule chini ya Red Keep nikasema hawa wametoka, lazima kuna tundu la pili. Wakafukiwa na matofali. Sikula usiku ule.

*Dada Kiboriloni:*
Mimi niliangalia iliyotafsiriwa, kibanda umiza. Mtafsiri alisema chini ya mji kuna joka limelala linasubiri mwenyewe. Nimelisubiri sizoni nne. Kumbe alikuwa ameona yale mafuvu ya majoka akaongezea chumvi.

*Mleta mada:*
Hahaha, hata mimi nililisikia hilo joka!
@Saruji Mbichi, kile chumba cha Njiro mlango unafungukia ndani au nje?

*Saruji Mbichi:*
Nje. Na sijakuambia mimi.