Tupeane uzoefu: chunusi za ukubwani

Binti wa Langoni:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Katika harusi moja ya Mkomani, hapa Lamu, wiki iliyopita, mama mmoja nisiyemjua alinishika kidevu mbele ya watu, akanigeuza uso kwenye taa, kisha akanihurumia kwa kusema kwamba chunusi hizi zitakwisha nikiolewa. Mimi nina mume na watoto watatu, na mkubwa wao ameanza kutokwa na chunusi zake mwenyewe, kwa hivyo tunagombania kioo. Usichanani uso wangu ulikuwa safi. Zimenianza nikiwa nimevuka miaka 30, nazo hukaa kwenye taya na kidevu, zile kubwa za ndani zisizotoa kichwa, zinazouma hata ukilalia mto. Huja siku chache kabla ya hedhi na kuacha baka jeusi ambalo halijafutika wakati jingine linapoanza. Waliopitia haya wanieleze walifanya nini, na tafadhali mtu asiniambie ninawe uso, kwa kuwa nimenawa mpaka ngozi imechubuka.

Ummu Salma wa Shela:
Kidevu ulichokieleza ni changu hasa. Nimeketi nasoma.

Muuguzi wa Kisiwani:
Dada, ulivyoeleza ndivyo chunusi za ukubwani zinavyowajia wanawake wengi. Ndani ya ngozi kuna tezi za mafuta zilizoungana na vinyweleo, na homoni za jamii ya androjeni, zinazoitwa za kiume lakini hata wanawake tunazo, ndizo zinazozichochea. Seli zilizokufa zikikosa njia ya kutoka huziba kinyweleo, mafuta hukwama, bakteria ambao huishi kwenye ngozi ya kila mtu huzaliana humo, na mwili unapopambana nao ndipo unapopata uvimbe ule unaouma. Uchafu wa nje hauna sehemu katika habari hii, na kusugua kwa sabuni kali huiudhi ngozi bure. Ila kama hedhi yako hupotea kwa miezi, au unaota nywele nene kidevuni, usiishie kwenye dawa za kupaka. Mwambie daktari achunguze homoni na ovari.

Bi Mkubwa wa Mkomani:
Wanangu, sisi hatukuwa na hizo androjeni, tulikuwa na liwa, ule mti wa kunukia. Unasaga kwenye kijiwe kwa marashi, unapaka usiku, asubuhi unanawa, na mpaka nimefika umri huu uso wangu hauna tundu hata moja. Hiyo ni damu chafu. Mnakula vitu vya pakiti na kukesha hadi saa nane za usiku mkitazama simu.

Mwalimu wa Mokowe:
Shikamoo Bi Mkubwa. Liwa hutuliza ngozi na sina ugomvi na liwa, lakini hakuna damu chafu inayochagua kutokea kidevuni peke yake. Huenda wewe ulijaliwa ngozi isiyo na chunusi, kwa sababu jambo hili hufuata nasaba pia.

Bi Mkubwa wa Mkomani:
Marahaba. Mwanamume, wewe liwa umelijulia wapi?

Bibi Harusi Mstaafu:
Habari ya harusi imenitonesha kidonda, kwa hivyo naomba mnivumilie kwa urefu. Nilipokuwa mchumba nilikuwa na chunusi za kawaida za kwenye taya, na jamaa wa upande wa pili walikuwa wameanza kunong'ona. Mtu mzima ninayemheshimu aliniletea kopo dogo jeupe lisilo na maandishi, akasema krimu iliyomo imechanganywa dukani mahsusi kwa maharusi na kwamba nipake usiku na mchana. Nilipouliza imechanganywa na nini, jibu lilikuwa kwamba hiyo ni siri ya mwenye duka. Haukupita muda mrefu chunusi zikalala, mabaka yakafutika, nikang'aa kiasi kwamba somo wangu, anayemwandaa bibi harusi, alipokuja kunisinga alisema amekosa kazi ya kufanya. Picha za siku ya kupambwa ni nzuri mno, nami nimezifungia sandukuni.

Fungate ilipokwisha, krimu nayo ikaisha, na hapo ndipo uso mzima ulipowaka. Vilitoka vipele vidogo vyekundu, vyote vya kimo kimoja, vikajaa mashavuni na pembeni mwa mdomo, mahali ambapo sikuwahi kuwa na chunusi. Nilipopanda boti kwenda Mokowe, jua la asubuhi lilinichoma kama niliyemwagiwa maji ya moto, nikalazimika kujifunika ukaya na kujibanza chini ya turubai pamoja na magunia ya viazi. Mama mkwe, ambaye ni mpole, aliniuliza kama nina maradhi ambayo hawakuambiwa wakati wa posa. Nikaletewa kopo la pili, nikapaka, moto ukazima usiku uleule. Lilipoisha, moto ulirudi na zaidi. Mzunguko huo uliendelea hadi ngozi ya mashavu ikawa nyembamba, mishipa myembamba myekundu ikaonekana, na nywele laini za malaika zikaniota pale ambapo hazikuwapo.

Daktari wa ngozi niliyemfikia Mombasa hakuanza na uso wangu, alitaka kwanza kuliona kopo. Alieleza kwamba krimu za kuchanganya mara nyingi hutiwa steroidi kali, kama klobetasoli au betamethasoni, ambazo huuzima wekundu na uvimbe kwa muda huku zikiikondesha ngozi na kuizoesha mpaka ishindwe kukaa bila hizo. Nyingine huongezwa haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, au zebaki, ambayo hupenya mwilini na kudhuru figo. Hakunikatisha ghafla. Alinipa steroidi hafifu ya kushukia taratibu, akaniandikia vidonge vya antibiotiki ya doksisaiklini, kisha asidi ya azelaiki ya kupaka, na akanionya kwamba uso utachafuka kabla ya kutulia. Ulichafuka kweli. Chunusi zimekwisha sasa, ila wembamba wa ngozi haujaondoka wote, na nikisikia mtu anasema krimu fulani imemponya kwa wiki moja, moyo hunidunda.

Mama Pacha:
Subhanallah. Pole sana mwanangu.

Nahodha Mstaafu:
Litaje duka hilo tulijue, watu wasiendelee kuumia.

Mwalimu wa Mokowe:
Asilitaje. Duka moja likifungwa, kopo litahamia duka la jirani. Alama ya kuangalia ni kopo lenyewe: halina jina, halina orodha ya vilivyomo, na muuzaji anakuahidi weupe pamoja na kuondoa chunusi. Vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku nchini.

Nahodha Mstaafu:
Mwalimu, wewe hukuunguzwa uso, ndiyo maana una subira.

Bibi Harusi Mstaafu:
Sitataja. Aliyeniletea ni mtu wa nyumbani na bado tunasalimiana.

Kijana wa Matondoni:
Tuliopo hapa si wanawake peke yao. Mimi nikinyolewa ndevu, baada ya siku mbili shingo yote hujaa vipele vyenye usaha, na kinyozi ananiambia nipake spiriti zaidi.

Muuguzi wa Kisiwani:
Hizo huenda zisiwe chunusi. Ndevu zilizojikunja, zikinyolewa kwa wembe hadi usawa wa ngozi, huchongoka na kurudi ndani, na mwili huzipokea kama mwiba. Mwambie kinyozi atumie mashine na aache ncha fupi, au ziache ziote kwa muda. Spiriti inakuongezea maumivu tu.

Bi Mkubwa wa Mkomani:
Kufuga ndevu ni sunna. Dawa hiyo haina gharama.

Mama Pacha:
Zangu zilianza nilipokuwa nikichoma sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Nilipoiacha, uso ulisafika, na kabla sijaufurahia vizuri nikapata hawa mapacha.

Nahodha Mstaafu:
Mambo ya uzazi si ya kuandikwa mbele ya wanaume.

Mama Pacha:
Nahodha, mapacha hao wana baba, naye ni mwanamume. Umefika ulipoombwa kusoma, na ukiona haya unaweza kuruka mstari.

Muuguzi wa Kisiwani:
Alilolisema Mama Pacha lina msingi. Njia zenye homoni ya projestini peke yake, kama sindano na vijiti vya mkononi, kwa baadhi ya wanawake huchochea chunusi, ilhali vidonge vyenye homoni mbili, projestini na estrojeni, kwa kawaida huzipunguza. Hata hivyo vidonge hivyo havimfai kila mtu: mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu mishipani, au mvutaji sigara aliyepita miaka 35 havipaswi kumfikia. Asiache mtu njia yake kabla ya kupewa nyingine, isipokuwa anataka mapacha.

Ummu Salma wa Shela:
Nimekumbuka yangu. Chunusi za kwenye paji la uso ziliniisha nilipoacha kupaka mafuta ya nazi mpaka kwenye ukingo wa nywele. Yalikuwa yakiteremka chini ya mtandio kwa joto la kaskazi na kuziba ngozi.

Bi Mkubwa wa Mkomani:
Sasa hata nazi imekuwa na kesi.

Mpenda Halua:
Mimi niliambiwa niache halua, nikaiacha muda mrefu, na uso ulibaki vilevile isipokuwa ulikuwa na huzuni. Dada yangu alipunguza soda na chai ya maziwa iliyokolea sukari, naye akapata nafuu. Tumezaliwa tumbo moja.

Mwalimu wa Mokowe:
Ndivyo utafiti unavyoelekea: vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka, na kwa baadhi ya watu maziwa, huzidisha chunusi, lakini kwa wengine havibadilishi kitu. Mimi, mwanamume nisiyejua liwa, nilinufaika na dawa mbili za kupaka: benzoili peroksidi ya asilimia 2.5, inayoua bakteria, asubuhi, na adapaleni, inayozuia vinyweleo kuziba, usiku. Adapaleni ni kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, juu ya ngozi iliyokauka, na wiki za mwanzo ni usiku mmoja kwa kuruka mmoja, kwa kuwa inachoma na kubambua. Tahadhari nyingine ni ya nyumbani: benzoili peroksidi hufifisha nguo. Mke wangu ana leso nzuri yenye doa jeupe, na bado nalisikia.

Muuguzi wa Kisiwani:
Naongeza jambo ambalo mwalimu halimhusu. Mwenye mimba au anayeitafuta asitumie adapaleni wala tretinoini ya jamii yake, na vidonge vya isotretinoini, ambavyo vimekuwapo tangu 1982 na ndivyo vyenye nguvu kuliko vyote kwa chunusi kali zinazoacha makovu, husababisha kasoro kubwa kwa mtoto tumboni, kwa hivyo havitolewi bila kupima mimba na kuizuia. Doksisaiklini nayo haimfai mjamzito, na hata asiye na mimba huitumia kwa miezi mitatu au minne tu, akiwa na benzoili peroksidi ya kupaka ili bakteria wasije wakawa sugu. Asidi ya azelaiki mjamzito huruhusiwa, na hufifisha mabaka pia. Mabaka hayo ni vigumu kufutika bila kinga ya jua, hata kwa mtu mweusi.

Binti wa Langoni:
Nimewasoma nyote, na mama wa harusini nimemsamehe. Nikianza leo, nitajua lini kama dawa inafaa?

Muuguzi wa Kisiwani:
Ipe wiki 8 hadi 12. Wengi huacha katika wiki ya tatu na kusema imeshindwa. Chunusi za ndani kama zako zinaweza kuhitaji vidonge, hivyo usiogope kurudi kwa daktari. Kuna vidonge vya spironolaktoni, vinavyozuia androjeni, ambavyo madaktari huwaandikia wanawake wasio na mimba wenye chunusi za taya zinazofuata hedhi.

Kijana wa Matondoni:
Hiyo azelaiki hapa Lamu nimeulizia maduka mawili, wote wamenitazama.

Ummu Salma wa Shela:
Mume wangu anakwenda Mombasa Alhamisi. Anayeihitaji anipe karatasi ya daktari kabla ya Jumatano magharibi, pamoja na pesa, kwa sababu safari iliyopita nilikopesha na bado ninadai.

Kijana wa Matondoni:
Na mashine ya kunyolea je, anaweza kuniletea?

Ummu Salma wa Shela:
Hiyo mwagize kinyozi wako.