Mizania ya maji shambani haifungi, Agosti pungufu asilimia 16

Waridi_UsaRiver
Wakuu, naomba msaada. Shamba la waridi, vitalu nyumba, umwagiliaji wa matone, tunajiandaa kukaguliwa kwa kiwango cha AWS (Alliance for Water Stewardship, cha utunzaji wa maji). Agosti, kwa mita za ujazo: kisima kirefu 14,200, mto 9,600, jumla 23,800. Yaliyotoka: umwagiliaji 17,900, chumba cha kufungashia 1,300, vyoo na jikoni 700, jumla 19,900. Mvua haikunyesha. Bwawa (mita za mraba 8,000, limetandikwa turubai) sijalihesabu, maana maji yake ni yaleyale ya kisima na mto. Zile 3,900 ziko wapi?

Hesabu_za_Bonde
Anza na hilo bwawa. Yaliyoingia ukitoa yaliyotoka lazima yalingane na badiliko la akiba ya bwawa. Soma rula ya kina cha bwawa tarehe 1 na tarehe 31, saa ileile. Tuseme limeshuka sentimita 10: umekula akiba ya 800, kwa hiyo unatafuta 4,700, si 3,900. Kisha uvukizi: sufuria ya kupimia uvukizi ikionyesha milimita 150 kwa mwezi, zidisha kwa 0.7, maana sufuria huvukiza zaidi ya bwawa, upate 105, sawa na mita za ujazo 840. Maji ya kuoshea vichujio, tuseme 12 kwa siku, ni 372. Bado 3,488.

Maji yanayochuruzika kwenye vitanda vya maua yanarudi bwawani? Kama yanarudi, mita ya umwagiliaji inayahesabu mara mbili, na upotevu halisi ni mkubwa kuliko huo.

Fundi_Mita
Kabla ya kulaumu mabomba, pima mita zenyewe. Jaza tangi la lita 10,000 na ulinganishe. Ikipishana zaidi ya asilimia 5, ishushwe ikarekebishwe. Mita ya bomba la inchi 6 inataka bomba lililonyooka mita 1.5 kabla yake na sentimita 75 baada yake. Ikikaa kwenye kona inadanganya. Ya kisima huzidisha pampu ikivuta hewa: utaona sindano inarukaruka pampu inapowaka.

Halafu bwawa. Funga njia zote za kuingia na kutoka kwa saa 48, soma rula alfajiri upepo ukiwa umetulia. Uvukizi wako ni kama milimita 3.4 kwa siku. Likishuka milimita 15 kwa siku, zile 11.6 zinavuja: mita za ujazo 93 kwa siku, karibu 2,900 kwa mwezi. Kagua turubai pale bomba linapopenya na kwenye mstari wa maji, ambako jua hulichoma.

Waridi_UsaRiver
Asanteni. Maji ya vitandani hayarudi bwawani. Muda wa ukaguzi ukibana, naweza kuliingiza pengo kwenye umwagiliaji?

Hesabu_za_Bonde
Hapana, ndugu. Liandike mstari wake, "hayajulikani yalikokwenda". Ukiliingiza kwenye umwagiliaji, waridi wataonekana wanywaji na turubai litaendelea kuvuja. Wala usipeleke wastani wa mwaka peke yake. Kiwango kinataka kilele na kima cha chini pia pale maji yanapokuwa tatizo. Agosti hadi Oktoba mto umepungua na walio chini yenu mtoni wanautegemea huohuo. Kila mwezi weka zile 9,600 kando ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibali chenu cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani.