Nimeuziwa "i7 yenye grafiki ya GB 4" kwa laki saba na themanini, kumbe ni mashine ya 2013

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi mtanivumilia. Mods, nawaomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye matangazo, mimi siuzi kitu. Nimepigwa, na nimepigwa mchana kweupe huku natazama.

Nasoma usanifu majengo, mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza wote nimechora kwa laptopu ya kuazima. Mwenzangu wa chumbani akilala ndiyo naanza kazi, akiamka usiku kwenda msalani nashtuka kama mwizi. Nikasema mwaka huu lazima ninunue yangu. Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ni elfu kumi kwa siku, aliyewahi kulishika anajua halikai mfukoni. Laki saba na themanini ni siku 78 za kula na kulala. Piga hesabu ya wali maharage hapo. Kuna wiki nilikuwa nakula mara moja, jioni nakunywa maji na kujisemesha kwamba mashine inakuja.

Nilichotaka si kikubwa. Programu zetu za kuchorea, AutoCAD ifunguke, Revit ijikongoje, na Jumamosi nicheze FC, gemu ya mpira, na wana wa hosteli bila kuomba zamu. Basi. Na wale wa kuja kusema "umepelekwa chuo kusoma au kucheza gemu", pitieni uzi mwingine, huu sio wenu.

Kariakoo winga, hawa madalali wa kupeleka wateja madukani, alinidaka hata sijavuka Msimbazi. "Kaka, laptopu? Njoo nikupeleke kwa bei ya jumla." Mimi si mgeni mjini, najua winga ana cha juu chake, lakini jua lilikuwa kali na nilishazunguka fremu sita. Nikamfuata. Ngazi, korido, ngazi tena, tukatokea kwenye fremu ndogo imejaa mashine zimepangwa kama matofali. Muuzaji kijana, mpole, ananiita mwanangu. Akashusha moja, safi, imefutwa inang'aa, stika ya i7, jina la prosesa za juu za Intel, inameremeta pale kwenye kona. Mtumba wa Dubai, akasema. "Hii i7 mwanangu, ni sawa na umepanda V8."

Nikamwambia wazi: nataka ya shule na gemu. Nikarudia, na gemu. Hakupepesa macho. Akaandika dxdiag, amri ya Windows ya kuonyesha vilivyomo kwenye mashine, likafunguka lile dirisha, akaenda kwenye ukurasa wa skrini, akaweka kidole kwenye namba: MB 4171. "Unaona mwenyewe. Grafiki ya GB 4 na ushee. FC, GTA, chochote unachotaka."

Nikaona mwenyewe kweli. Ila leo nikikumbuka ule mkono wake, kidole kilikuwa juu ya namba na kiganja kimefunika mistari miwili ya chini. Mistari hiyo ndiyo yenye habari yote. Wa kwanza unasema kumbukumbu ya grafiki yenyewe: MB 128. Wa pili unasema ya kushea: MB 4043. Yaani hiyo GB 4 ni ramu yangu mwenyewe, kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta! Windows inahesabu karibu nusu ya ramu iliyopo kwenye mashine na kusema grafiki ikizidiwa inaweza kukopa hapo. Mashine yoyote ya ramu GB 8 isiyo na kadi yake ya grafiki, hata ile ya mzee wa stationery pale getini, itakuonyesha namba hiyo hiyo. Ukiongeza ramu ikawa 16, utaambiwa una grafiki ya GB 8. Ni sawa na mtu akuuzie nyumba ya vyumba vinne, ukihamia unakuta kimoja, halafu anakwambia vile vitatu ni vya jirani, ukizidiwa na wageni utaomba.

Haya yote sikuyajua siku ile. Nikalipa. Winga akapotea kabla sijahesabiwa chenji.

Usiku nikakopi FC 24 kwa mshikaji, GB 100 kasoro kidogo, saa nzima nasubiri huku natabasamu kama mjinga. Ikagoma hata kufunguka. Nikasema labda gemu yenyewe mbovu. Nikashuka hadi GTA V, ambayo kwenye kompyuta ipo tangu 2015, nikaweka kila kitu chini kabisa, picha imekuwa kama imepigwa kwa simu ya tochi. Gari linaruka vipande vipande. Nagonga nguzo halafu ndiyo naiona nguzo. Feni inalia hadi jirani akagonga ukuta.

Kesho yake dogo mmoja wa kompyuta akaja chumbani, akaigeuza, akasoma, akacheka. Akasema, "Bro, hii ni 4600U." Nikamwuliza ndiyo nini. Akaniambia nisome namba baada ya i7. Tarakimu ile ya mwanzo, 4, ndiyo kizazi. Prosesa ya kizazi cha nne, imetoka 2013. Herufi U mwishoni maana yake imetengenezwa ibane umeme, si ya kazi nzito. Na pamoja na hiyo stika ya i7, ndani ina koa mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi. Mbili! i5-8250U ya 2017, ambayo muuzaji angeiita "i5 ya kawaida", ina koa nne. Yaani nimelipia jina. Hapa mjini i7 imekuwa kama hirizi, mtu anaitaja na wewe unatoa hela.

FC 24 kwa kiwango chake cha chini kabisa inataka kadi kama GTX 1050 Ti yenye GB 4 zake yenyewe, zisizokopwa popote. Mimi nina Intel HD 4400, grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Muuzaji analijua hilo kuliko anavyojua jina la mama mkwe wake.

Kuna na mengine, nayapita haraka maana yananipandisha presha. Walipiga Windows 11, nikafurahi, kumbe prosesa hiyo haipo kwenye orodha ya zinazokubalika, kwa Intel orodha inaanzia kizazi cha nane ukiacha chache sana. Wamelazimisha. Na Windows 10 ambayo ndiyo size yake, Microsoft walisitisha huduma zake za bure za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Betri nimeipima kwa amri ya powercfg /batteryreport, imebaki theluthi ya ile ya kiwandani, dakika arobaini umeme ukikatika inakufa na mchoro wangu. Revit za miaka ya karibuni zinataka ramu GB 16, mimi nina 8, na ipo kwenye kipande kimoja. Angalau nafasi ya pili ipo wazi. Hilo ndilo jema pekee nimelikuta ndani ya mashine hii.

Nikarudi dukani siku ya tatu. Yule yule mpole. Sasa haniiti mwanangu, ananiita broo. "Broo, si ulikagua mwenyewe ukaridhika?" Akanionyesha risiti, karatasi ya mkono, chini imepigwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine imeharibika. Nikamwonyesha mistari ile miwili, 128 na 4043. Akaangalia kwa muda, kama mtu anayesoma tangazo la kifo cha asiyemjua. Halafu, sikilizeni hii, akaniambia: "Ongeza laki tatu nikupe yenye kadi kabisa." Yenye kadi! Kwa hiyo neno kadi unalijua! Siku ile lilikuwa wapi?

Namba ya winga haipatikani.

Nimesoma na sheria kidogo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Sasa maelezo yangu yalikuwa ya mdomo, korido ya ghorofa ya pili, shahidi wangu ni winga. Mwanasheria yeyote humu aniambie kama Tume ya Ushindani wanapokea malalamiko ya namna hii, au nitazungushwa hadi nihitimu.

Kinachoniuma hasa, wakuu, si kwamba hela yangu ni ndogo. Najua ni ndogo. Angeniambia, "Mdogo wangu, kwa laki nane kasoro hupati mashine yenye kadi ya maana, chukua i5 ya kizazi cha nane, ongeza ramu, usome, FC utaendelea kucheza kwa wenzako," ningelipa pale pale na kumshukuru. Ningemletea na wateja. Nilikuwa tayari kukosa gemu. Ameninyima nafasi ya kuchagua, akanipa kitu kisichocheza wala kisichosomea vizuri, kwa bei ya kinachosomea.

Na nyinyi humu msijifiche. Kabla sijanunua niliuliza, tena kwa heshima. Majibu mangapi yalikuwa "ongeza bajeti mkuu"? Mengine "chukua i7 yoyote, hutajuta". Aliyeandika i7 yoyote, nakukumbuka kwa avatar yako, njoo tuongee. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nifungue Task Manager, niende sehemu ya grafiki, nisome panapoandikwa Dedicated, hiyo ya Shared niachane nayo. Ni sekunde kumi. Sekunde kumi zingeniokolea siku 78.

Nimeulizia kipande cha ramu cha GB 8 niongezee, nimeambiwa elfu arobaini. Wanaojua bei waniambie kama hapo pia napigwa. Jumatatu narudi dukani na kaka yangu mkubwa, yeye hana upole wangu, nitaleta mrejesho. Ikishindikana nitaiuza, na nitaandika kama ilivyo: i7-4600U, 2013, betri imechoka, grafiki MB 128. Msije inbox kuuliza kama inacheza FC.