Nimeweka dirisha la Hamming kwenye kichujio, mngurumo wa umeme umezidi. Nakosea wapi?

Kinda_wa_Sinza: Wakuu, habari za jioni. Nina mradi wa chuo wa kusoma mapigo ya moyo kwa ESP32 (kile kibodi kidogo cha kompyuta). Sensa nimeichukua Kariakoo, sampuli 500 kwa sekunde. Nataka mpaka 40 Hz ipite, ule umeme wa 50 Hz ubaki nje. Kichujio ni FIR (kila sampuli inazidishwa kwa namba maalumu, kisha zinajumlishwa), koefishenti, yaani hizo namba, ni 51, kikomo 40 Hz. Nilipoikata sinki (sinc, lile wimbi la sin(x)/x linalotoa koefishenti) hivihivi, matokeo yalivumilika. Kila mtu ananiambia weka dirisha, yaani nizidishe koefishenti kwa mkunjo unaofifisha ncha zake. Nimeweka Hamming, 50 Hz imerudi kwa kishindo! Fomula nimeikagua: 0.54 − 0.46cos(2πn/50).

Fundi_Mitambo: Weka dirisha la Blackman mkuu, ndiyo kiboko yao.

DadaMawimbi: Fundi, hapo utammaliza kabisa 😂

Mdogo wangu, msimbo wako hauna kosa. Sinki ikikatwa ghafla, mteremko kutoka kinachopita hadi kinachozuiwa unakuwa mkali, lakini upande wa kuzuia unapata upungufu wa desibeli 21 tu hivi. Kuongeza koefishenti hakuondoi lile tuta la karibu asilimia 9 ukingoni, linajisogeza tu karibu na kikomo. Hamming inakupa desibeli kama 53, ila inatanua mteremko: 3.3 (namba ya Hamming) × sampuli 500 ÷ koefishenti 51, takriban 32 Hz. Kwa kikomo cha 40, unaanza 24 unaishia 56. Hiyo 50 yako bado iko njiani inashuka, na sehemu ya mawimbi ya moyo iliyo juu ya 24 Hz nayo inaliwa.

Wewe una nafasi ya 10 Hz tu, kati ya 40 na 50. Basi 3.3 × 500 ÷ 10 = 165. Weka koefishenti 165, kikomo kisogeze 45. Kwa Blackman zingefika kama 275.

Kinda_wa_Sinza: Asante sana dada. 165 si itachelewa?

DadaMawimbi: Sampuli 82, yaani sekunde 0.164. Kwa kuchora grafu tu sioni shida. Desibeli 40 zikikutosha, chukua dirisha la Kaiser lenye beta (namba ya kurekebisha umbo lake) 3.4, koefishenti 113 hivi. Ukimaliza, gawanya zote kwa jumla yake, la sivyo kimo cha mawimbi kitakudanganya.

Mzee_wa_Temeke: Kijana, kompyuta umeichomeka kwenye chaja? Huenda hiyo 50 inaingilia hapo. Chomoa, tumia betri, halafu pima tena hiyo 50 kabla hujagusa msimbo.

Kinda_wa_Sinza: Shikamoo mzee. Ndiyo, ipo kwenye chaja. Nachomoa sasa hivi.