Swastika kwenye mchoro wa mwanafunzi: tubandue kwanza au tuulize kwanza?

Wadau wa elimu, habari zenu. Naomba tulijadili hili bila jazba, maana kwenye kundi letu la wazazi la WhatsApp tumeshindwa.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule moja hapa Arusha mjini. Siku ya wazazi alibandika ukutani mchoro wa rangi za maji, akauita "Milango ya Mtaa Wetu". Milango minne kwenye karatasi moja ya manila: geti la bati lenye kutu, duka la mangi na nondo zake, mlango wa Kizanzibari wa mzee mmoja mstaafu, na mlango wa jirani zetu Wahindi. Huo wa mwisho una kamba ya majani ya mwembe juu yake, na pembeni ukutani kuna swastika nyekundu, yaani ile alama ya msalaba wenye ncha zilizopinda, yenye nukta nne, moja katika kila pembe. Aliichora kama ilivyo, hadi pale kidole cha aliyeipaka kilipoburuza rangi.

Saa tano asubuhi mzazi mmoja akapiga picha ya ile alama peke yake, akaitupa kundini: "Alama ya Hitler shuleni kwetu!" Kabla ya chakula cha mchana mchoro ulishabanduliwa, kona moja imechanika, na binti kaambiwa aje na mzazi. Hakuna aliyemuuliza amechora nini.

Siwalaumu walioshtuka. Chama cha Nazi kiliichukua alama hiyo mwaka 1920, mwaka 1935 ikawa ndiyo bendera ya Ujerumani, na chini ya bendera hiyo waliuawa Wayahudi wapatao milioni sita. Lakini swastika ina umri wa maelfu ya miaka. Jina lenyewe ni la Kisanskriti, lina maana ya heri na ustawi, na Wahindu, Wabudha na Wajaini wanaitumia mpaka leo. Ya Wanazi ni nyeusi, imeinamishwa, ndani ya duara jeupe kwenye kitambaa chekundu. Ya jirani yangu imesimama wima na ina nukta zake. Mtu akitulia dakika moja anaona tofauti.

Sasa kinachoniumiza zaidi ni hiki. Ukuta uleule, hatua tatu pembeni, palikuwa na mchoro wa kijana wa kidato cha tatu: panga linadondosha damu juu ya ng'ombe aliyeanguka. Ni habari ya ugomvi wa wakulima na wafugaji, na kijana kachora vizuri sana. Hakuna aliyelalamika, wala sitaki alalamikiwe. Ila kama umbo peke yake linatosha kumhukumu mtoto, basi mji huu ulipaswa kuliogopa panga kuliko kitu kingine chochote.

Tukumbushane yaliyofanyika pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa hapa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa hapa kwetu mpaka mwisho wa 2015. Kesi yake ya vyombo vya habari, ya watu walioshtakiwa kwa uchochezi kupitia redio na gazeti, ilianza kusikilizwa Oktoba 2000, hukumu ikasomwa Desemba 2003. Moja ya vielelezo ilikuwa jalada la gazeti la Kangura la Rwanda, toleo namba 26 la Novemba 1993: panga, kando yake picha ya rais wa zamani Grégoire Kayibanda, pamoja na swali kuhusu silaha za kuwashinda inyenzi wasiinuke tena. Inyenzi ni mende, na Watutsi ndio waliokuwa wakiitwa hivyo. Majaji hawakusema panga ni picha haramu. Walipima maneno yaliyoandikwa pale, aliyelengwa, na hali ya nchi wakati ule. Ndipo wakasema jalada lile lilichochea vurugu.

Majaji walitumia miaka. Mwalimu wa zamu anashindwaje kutumia dakika tano?

Mzazi mmoja alinijibu kwamba mgeni anayepita ukutani hasomi nia ya mtoto, anaiona alama tu. Hoja hiyo ina uzito, naikubali. Basi pawekwe kikaratasi cha maelezo chini ya mchoro, mistari mitatu kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe. Na mtoto akichora ile ya duara jeupe kwenye dawati la mwenzake ili kumtisha, huo ni uchokozi, aadhibiwe. Hata huyo nataka aulizwe kwanza, kwa sababu inawezekana kaiona kwenye filamu tu na hajui imebeba nini. Binti yangu mwenyewe Vita Kuu ya Pili hajafundishwa bado. Kaijua habari ya Hitler kwa njia ya aibu, mbele ya wenzake.

Mwalimu wake wa uchoraji ameniambia kwa masikitiko kwamba tangu siku ile darasa zima linachora twiga na Mlima Meru.

Na yule mama jirani alikuwa amealikwa kuja kuuona mlango wake. Ameshauliza mara mbili mchoro uko wapi, na binti bado hajui amjibu nini.

Walimu mlioko humu, hasa wa sanaa na wa nidhamu: kwenu mchoro wa namna hii ukishabandikwa ukutani na mzazi akalalamika, nani anaamua, na mtoto anasikilizwa saa ngapi?