Mrejesho: ponitelipamu yangu imepona

Wadau, mimi ndio yule wa South B, Nairobi, niliyeuliza hapa Julai mbona ponitelipamu yangu (ponytail palm, ule mmea wa poti unaofanana na mnazi mdogo) inageuka njano na shina linabonyea kama ndizi imeiva sana. Mlisema ni maji mengi, na kweli nilikuwa namwagia kila siku kwa ile baridi yote, kumbe ile sehemu ya chini ya shina iliyovimba kama kitunguu ndio tangi lake la maji, kwao Meksiko ni kukavu. Nikaing'oa, mizizi mingine nyeusi inanuka, nikakata nikaiacha siku tatu ikauke, nikapanda kwa mchanga mwingi na kokoto. Ile poti ya kwanza haikuwa na shimo hata moja aki! Sasa wiki ya sita, shina limekaza, majani mawili mapya yanachungulia katikati. Shemeji bado anauliza nazi ni lini.