Besi wa Naivasha: mnyoo wa plastiki, spinabeti au krankibeti? Binamu anakuja na begi

Kijana_wa_Karagita

Niaje wadau. Kuna binamu yangu anashuka kutoka Dallas mwezi wa kumi na mbili, ameniambia begi liko na nafasi kidogo nimtumie orodha ya vitu vya kuvulia. Bajeti ni dola 40, hakuna nyongeza, mke ashajua.

Mimi navua Naivasha wikendi. Siku nikibahatika naingia na boti ya rafiki tunaenda upande wa Crescent Island, siku zingine narusha nikiwa ukingoni tu. Namtafuta besi, yule wa mdomo mpana aliyeletwa ziwani kutoka Marekani 1929 (naandika besi makusudi, nikiandika basi mtadhani niko steji nangoja gari). Ngege na kapi wenye nyavu wanawamaliza, siwasumbukii, raha yangu mimi ni ile besi akiruka juu ya maji anatingisha kichwa kutema ndoana.

Sasa nimebakisha tatu na nashindwa kuchagua. Kuna minyoo ya plastiki. Kuna spinabeti, ile ya waya uliokunjwa yenye visahani vinazunguka na manyoya ya mpira chini. Alafu kuna krankibeti, kasamaki kagumu kenye kidomo cha kuzamia na ndoana za meno matatu matatu tumboni. Nikigawanya hela kwa zote tatu naona nitapata vidogo vidogo visivyo na maana.

Na msiniambie ninunue seti za bei rahisi za mtandaoni. Nilinunua moja, vipande hamsini, nikajiona mjanja. Besi wa kwanza kuuma wa maana alinyoosha ndoana ikawa kama sindano ya kushonea magunia, nikabaki naangalia.

---

MzeeWaChubwi

Kijana, mnyoo. Hata dola zote 40 ziende kwa mnyoo hutajuta.

Ziwa la sasa si lile la zamani. Tangu maji yapande ile 2020 migunga mingi iko ndani ya maji imekaukia humo, senyenge za mashamba ya watu ziko humo, nguzo ziko humo, na besi yuko hapo hapo kwenye takataka maana ndiko anakoviziwa chakula, samahani, anakovizia. Ukirusha krankibeti yenye ndoana mbili za meno matatu hayo ni meno sita unayapeleka kwenye miiba na senyenge. Ukienda nazo tano utarudi na moja, na hiyo moja ni ile hukuitoa kwenye boksi.

Mnyoo staili ya Texas unapita kila mahali. Fanya hivi, na usiharakishe hapa maana wengi ndo wanaharibia hapa. Chubwi (kale kazito ka kuzamishia) la umbo la risasi linatangulia kwenye uzi, liwe linateleza. Ndoana iwe ile iliyopinda shingoni. Ncha unaiingiza juu ya kichwa cha mnyoo kama nusu sentimita, unaitoa ubavuni, unavuta ndoana yote mpaka lile pindo la shingo likae ndani ya kichwa, unageuza, afu unairudisha ncha kwenye mwili wa mnyoo ijifiche. Ushike ukining'inia uangalie, uwe umenyooka kama mstari. Ukiwa na kakunjo hata kadogo utazunguka majini kama feni na uzi wako wote utajisokota, saa moja baadaye unamlaumu aliyetengeneza rili.

Rusha kando ya mti mkavu, acha uzame wenyewe. Hapo ndo macho yawe kwenye uzi, sio kwa simu. Wengi wanauma wakati unashuka na mkono hausikii kitu, utaona tu uzi umetembea kando, au umeacha kuzama mapema kuliko ulivyotarajia. Inamisha rodi, zungusha rili ulegevu uishe, ndo upige. Ukipiga uzi ukiwa legevu unampiga upepo.

Rangi nyeusi yenye mkia wa buluu. Maji yale ni ya tope, anaona kivuli tu.

---

Garland_TX

Mzee anaongea ukweli ila amesahau upepo 😄 Mimi nimekulia Naivasha kabla nije huku Texas, na kila mtu wa hapo anajua asubuhi ziwa ni kioo, ikifika mchana upepo unaamka na boti inaanza kucheza. Kwa upepo ule mnyoo mwepesi huusikii kabisa, uzi unakunja upinde hewani, boti inakuburuta, unavua nini sasa? Hapo ndo spinabeti inafanya kazi. Unarusha, unavuta mfululizo, visahani vinatikisa maji, na samaki kwenye tope hategemei macho peke yake, ule mstari wa ubavuni unanasa mtikisiko. Tena tope limeongezeka tangu kapi waingie maana wao wanakula wakichimbua chini. Na mkono wake wa waya unatangulia mbele ya ndoana kwa hiyo kwa miti haishiki kirahisi, sio kama krankibeti.

Kwa hiyo mimi ningegawa hivi, minyoo pakiti mbili, ndoana na machubwi, spinabeti mbili nyeupe za gramu 10 mpaka 14, basi (basi ya kumaliza sentensi). Krankibeti achana nayo kwa sasa.

Halafu jambo lingine naliona kila siku kwa wenzetu walioko nyumbani, mnaangalia video za huku mnafuata kila kitu. Huku Texas mwaka mzima wa besi unaendeshwa na baridi. Februari mpaka Aprili hivi anapanda kina kifupi kutaga, mtu akirusha ukingoni anaonekana bingwa, baridi ikiingia anashuka chini hataki kukimbiza kitu, unamvutia chambo polepole mpaka unasinzia. Naivasha iko karibu na ikweta bwana, maji hayapoi hivyo. Ukisikia mtu anakwambia mwezi wa pili tumia hiki wa kumi tumia kile, huyo anaongelea ziwa lingine. Wewe angalia saa, upepo na rangi ya maji.

Nyongeza tu kwa wapenda historia, mnyoo wa plastiki unaotajwa hapa ulianza 1949 jikoni kwa bwana mmoja Nick Creme kule Akron, Ohio, akiuchemsha pamoja na mkewe, baadaye kiwanda kikahamia Tyler huku Texas, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa nilipo. Na jina la staili ya Texas ndo limetoka huku.

---

Mtanga_wa_Baharini

Wakuu mnanichekesha. Nyungunyungu wa plastiki anauzwa kwa dola? Huku ukichimba nyuma ya bafu unajaza kopo bure 😂😂

Mimi ni mtu wa bahari, kolekole na nguru, sijui hizo habari za mafunjo na viboko. Ila kwa uzoefu wangu kijana ungechukua kijiko tu cha chuma cha kuvulia. Kinaenda mbali hata na upepo, kinang'aa, hakiozi, hakikatwi na meno, unakuwa nacho miaka. Huo mpira si akiuma mmoja tu umekwisha?

---

MzeeWaChubwi

Mtanga karibu bara. Kijiko bahari kubwa sawa, huku ziwa lenyewe ni kina kifupi, ukikirusha kabla hujaanza kuzungusha rili kishalala kwenye magugu. Na besi hana meno ya kukata, mdomo wake ni kama msasa, unamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba unampiga picha. Jaribu hivyo na nguru wako utuletee picha ya kidole.

---

Mtanga_wa_Baharini

Hapana mzee kidole nakihitaji 😂 haya naendelea kusoma

---

DadaRodi

Mmeongea wote mmesahau iliyo rahisi kuliko zote, staili ya waki. Mimi nimeanza kuvua nikiwa na miaka 31, sikuzaliwa kwa boti kama nyinyi, na samaki wangu wote kumi wa kwanza nilipata hivi.

Unachukua ule mnyoo mnene ulionyooka kama kalamu, usio na mkia (maarufu ni Senko wa Gary Yamamoto ila zipo za kufanana), inchi 5, unadunga ndoana katikati. KATIKATI, sio kichwani, unaonekana kama umekosea. Hakuna chubwi. Unarusha, mikono mfukoni. Umechanganywa na chumvi ndo maana ni mzito kiasi chake, unashuka taratibu ncha zote mbili zikitetemeka. Hiyo ndo kazi yote. Ukigusa chini unainua rodi kidogo unaachia tena. Mtu anayejifunza anaharibu kwa kufanya mambo mengi, huu mnyoo unataka usifanye kitu.

Ubaya wake anachosema Mtanga ni kweli, unachanika. Samaki wawili watatu umekatika. Dawa ni kale kapete ka mpira ka fundi bomba, unakavisha katikati ya mnyoo na ndoana unaipitisha chini ya kapete badala ya kutoboa nyama. Pakiti moja ya minyoo kumi inanipeleka mwezi. Ubaya wa pili ncha ya ndoana iko wazi, kwa hiyo ni ya sehemu safi, ukingo wa mafunjo kwa nje, sio ndani kwa migunga. Ndani ya migunga namwachia Mzee na Texas yake.

Rangi sikubaliani na weusi. Samaki wa Naivasha amelelewa na kreyfishi, wale kamba wekundu wa maji baridi walioletwa 1970. Mpasue tumbo uone. Kahawia yenye madoa mekundu, au ile ya kijani kama boga, ndo navulia.

---

MzeeWaChubwi

DadaRodi ukivua asubuhi maji yakiwa safi nakubali. Baada ya mvua rudi kwa nyeusi uniambie.

---

Omena_Kavu

Sielewi kwanini mnahangaika. Kreyfishi si yuko hapo hapo ziwani, mchukue mzima mdunge mkiani mtupe. Yule Mjapani Manabu Kurita aliyevua besi wa kilo kumi na ushee Ziwa Biwa 2009, akalingana na rekodi ya dunia ya George Perry wa Georgia ya 1932 iliyokuwa imekaa miaka 77, alitumia kasamaki kazima, sio plastiki. Kisa kimeisha.

---

DadaRodi

Swali lilikuwa begi la ndege Omena, kreyfishi mzima atapita uwanja wa ndege na pasi gani? 😂

Ila serious kidogo, chambo hai samaki anameza mpaka tumboni, na wadogo unaorudisha wengi wanakufa tu. Mpira ule akiuma unampiga hapo hapo, ndoana inakaa mdomoni. Mimi nakula mmoja mmoja, siringi, ila wa chini ya nusu kilo narudisha na nataka aogelee. Na tafadhali usimbebe kreyfishi umpeleke bwawa lingine, huko alikoingia ameshatafuna mimea ya kutosha.

---

Garland_TX

Kijana umeamua nini? Binamu asije akanunua mwenyewe, hapa dukani ukuta mzima ni rangi, mtu mgeni anatoka na kila kitu isipokuwa cha kuvulia.

---

Kijana_wa_Karagita

Nimetuma orodha. Minyoo ya inchi 6 nyeusi pakiti moja (Mzee), minyoo minene ya boga pakiti moja (Dada), ndoana, machubwi, spinabeti nyeupe mbili (Garland). Imefika dola 37. Asanteni sana, nitaleta ripoti.

---

Kijana_wa_Karagita

Ripoti kama nilivyoahidi, samahani nimechelewa, mambo ya shule za watoto Januari mnayajua.

Tumeingia Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziwa limelala kabisa, ukungu kidogo, fukombe analia huko juu. Nimeanza na ya Dada nje ya mafunjo. Mara ya nne hivi kurusha, mnyoo unashuka, nikaona uzi umesimama. Si umekaza, umesimama tu. Nikakumbuka Mzee, nikainamisha rodi, nikazungusha, nikapiga, alikuwepo! Mdogo, gramu 400 hivi, nikamrudisha. Wa pili kama huyo huyo. Kapete ka fundi bomba ni kitu cha maana sana, mnyoo ule ule bado ninao.

Tukaingia kwenye migunga na Texas nyeusi, nikakosa watatu mfululizo kwa haraka zangu, wa nne nikampata. Maji huko ndani yalikuwa chai ya maziwa kabisa kwa hiyo kwa rangi nawapa droo.

Saa tano upepo ukaamka kama mlivyosema, boti inayumba, rafiki yangu anataka twende nyumbani. Nikafunga spinabeti nikarusha sambamba na mstari wa miti, nikavuta. Jamani. Ilikuwa kama mtu ameninyang'anya rodi. Akaruka mara mbili, mara ya pili niliona spinabeti yote mdomoni imetulia kama hereni. Kilo 1.9 kwa mzani wa rafiki, mkubwa kuliko wote niliowahi kupata. Huyo tulimla, sitaki maneno.

Sasa kuna jambo dogo. Binamu aliongeza krankibeti moja kama zawadi, nyekundu ya kreyfishi, nzuri balaa, ya bei kuliko vingine vyote kwenye begi. Nikasema nijaribu mara tatu tu wakati tunarudi.

---

MzeeWaChubwi

Senyenge au mti?

---

Kijana_wa_Karagita

Senyenge 😭 mara ya pili tu. Na si kwamba imezama, naiona kwa macho, imening'inia kwenye nguzo kama mita kumi kutoka ukingoni, upepo unaichezesha. Nimepita hapo Jumapili na jana pia. Kuna kiboko anashinda hapo hapo chini yake. Nani ana boti na moyo?

---

Mtanga_wa_Baharini

Mwachie kiboko avulie